Kabla Hajatia Sahihi ya Kwanza: Mwongozo wa Kumwandaa Mwanafunzi wa Uhandisi

Sahihi yangu ya kwanza kazini niliitia juu ya boneti ya pikapu, mvua ikinyemelea kutoka upande wa ziwa. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi mitano tu. Tulikuwa tunajenga mnara wa kubeba tangi la maji la shule moja ya kijijini, na foromani akaniletea karatasi ya kuruhusu zege limwagwe. "Injinia, tia hapa haraka, mchanganyo uko tayari na mvua ndiyo ile." Karatasi ilisema nimekagua vyuma vya nguzo zote nne. Nilikuwa nimekagua mbili. Nikatia.

Mbao zilipofunguliwa, nguzo ya tatu ilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Kidole kiliingia hadi kikagusa chuma. Ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga vyuma vya nguzo, zilikuwa zimesongamana mahali pamoja, kokoto zikakwama hapo, zege likashindwa kushuka. Nguzo ikavunjwa, ikamwagwa upya. Hakuna aliyeumia. Ninachokumbuka zaidi ni mzee mmoja kibarua, aliyebeba zege lile kwa karai, akiniuliza kwa upole kabisa: "Injinia, si uliandika iko sawa?"

Chuoni nilikuwa nimepata alama nzuri katika somo la maadili. Ningekutajia wajibu wa mhandisi kwa umma bila kukwama. Ila hakuna siku niliyofanyishwa mazoezi ya kuizuia kalamu. Tangu nianze kufundisha hapa Kisumu na kuwapokea vijana wa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, hilo ndilo ninalolishughulikia kabla ya mengine yote, na nimeandika hapa namna ninavyolifanya. Walengwa ni wahadhiri, wakufunzi wa politekniki na wahandisi wanaopokea wanafunzi kwenye saiti zao. Kijana anayejiandaa mwenyewe anaweza kufuata pia, mradi apate mtu mzima mmoja wa kumsomea daftari lake.

Hatua ya 1: Mpeleke mahali kazi ilipoharibika

Usianze na vifungu vya kanuni. Panda gari na wanafunzi.

Sisi wa huku tuna daraja la Sigiri. Basi likitoka Kisumu alfajiri, likapita Maseno, Luanda na Ugunja, mchana halijafika mko Budalang'i, kwenye kingo za mto Nzoia, mahali ambapo watu walikuwa wakivuka kwa mashua. Tarehe 26 Juni 2017 daraja lililokuwa likijengwa pale lilianguka kabla halijakamilika, na wafanyakazi wakajeruhiwa. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, Rais alikuwa amefika kukagua mradi huo. Wanafunzi wakisimama pale na kuutazama mto wenyewe, ule uzito wa neno "ukaguzi" huwaingia kwa namna ambayo ubao wa darasani hauwezi.

Wakiwa pale pale ukingoni, wape swali moja waandike: katika mradi wa daraja kama hili, ni nani wote wanaotakiwa kutia sahihi kabla zege halijamwagwa? Wengi huandika watu watatu. Kisha rudini nyuma pamoja. Kuna aliyechunguza udongo wa ukingo. Kuna aliyebuni, na aliyepitia hesabu za mbunifu. Kuna aliyeidhinisha utaratibu wa kumwaga, yaani sehemu ipi itangulie na ipi ifuate. Kuna aliyekagua jukwaa la muda linaloshikilia zege bichi. Kuna maabara, kuna msimamizi wa usalama, kuna mwakilishi wa mwenye mradi. Orodha hufika wanane au tisa, na mwanafunzi huanza kuona kwamba yeye, miaka michache ijayo, atakuwa mmoja wa hao.

Hapo eleza jambo la kiufundi ambalo vitabu huligusa haraka mno: daraja linalojengwa hupitia hali za udhaifu ambazo daraja lililokamilika haliko nazo. Uzito umeshafika, nguvu bado. Zege bichi lina uzito wote wa zege lakini haliwezi kujibeba, sembuse kubeba mwenzake. Kwa hiyo anayekagua kazi ya muda ana dhamana ileile ya anayekagua kazi ya kudumu.

Jambo moja usilipuuze: usiwaache wahukumu. Vijana hupenda kurudi garini wakisema fulani alikula pesa. Waulize: umejuaje? Hiyo ripoti umeisoma? Kutenganisha kinachojulikana na kinachodhaniwa ni sehemu ya uadilifu wa mhandisi, na huu ndio wakati mzuri wa kulifundisha hilo, hasira zikiwa bado za moto.

Walio karibu na Nakuru wana somo zito zaidi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua kubwa za masika, bwawa la tuta la udongo lilipasuka huko Solai na maji yakashukia makazi yaliyokuwa chini ya mlima. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Ukienda huko, nenda kwa heshima ya matanga. Wanafunzi wasipige picha za kujionyesha. Kazi yao iwe hii: watafute bwawa lolote dogo la shamba karibu na chuo, wakitanguliza ruhusa ya mwenyewe, wajibu maswali manne. Maji ya ziada yanatokea wapi bwawa likijaa, na njia hiyo iko wazi au imeota nyasi? Kuna unyevu au chemchemi upande wa chini wa tuta? Kuna miti au mashimo ya wanyama juu yake? Na likipasuka saa nane usiku, nani analala njiani? Maji yakipita juu ya tuta la udongo hulimenya. Yakipenya ndani yake huchimba kinjia kidogo kinachopanuka hadi tuta lianguke. Yote mawili mara nyingi hutanguliwa na dalili, na dalili huhitaji mtu wa kupita na kutazama.

Hatua ya 2: Daftari

Mwanafunzi wa atachimenti tayari ana kitabu cha kujaza, cha chuo chake au cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kitabu hicho akijaze. Lakini vijana wengi hukijaza Ijumaa jioni, wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na msimamizi hupiga muhuri bila kusoma. Kwa hiyo humfundisha kijana kinyume kabisa cha unachotaka: kwamba maandishi ni ya kumridhisha mtu wa ofisini.

Mnunulie daftari lingine, la jalada gumu, lenye kurasa zilizoshonwa. Mpe masharti machache. Aandike kwa kalamu ya wino, siyo penseli. Akikosea apige mstari mmoja ili maneno ya chini yaendelee kusomeka, kisha atie herufi za jina lake kando. Asichane ukurasa kamwe. Kila siku aandike tarehe, hali ya hewa, watu waliokuwepo, alichopima na kifaa alichotumia. Aandike siku hiyohiyo kabla hajala cha jioni.

Sharti linalobeba yote ni hili: kila ukurasa uwe na sehemu mbili, *Nimeona* na *Nimeambiwa*. Foromani akisema vyuma vya msingi ni vya milimita 16, hiyo inakaa upande wa *Nimeambiwa* mpaka kijana achukue kipimo mwenyewe. Wiki ya kwanza upande wa *Nimeona* huwa mtupu, na wengine huona aibu. Waache waione. Kufikia wiki ya nne huwa wanatembea na utepe wa kupimia mfukoni.

Nilikuwa na binti mmoja kutoka Kakamega aliyeandika hivi kuhusu siku ya kumwaga sakafu ya ghorofa: "Sehemu ya kaskazini sikuiona. Nilikuwa nimetumwa dukani kununua misumari." Msimamizi wake alitaka aifute sentensi hiyo kwa kuwa ilionyesha anatumwa dukani. Nilimwomba aiache. Katika miaka yangu yote ya kusoma madaftari sijapata sentensi bora ya mwanafunzi. Mtu anayeweza kuandika "sikuona" hatatia sahihi niliyotia mimi.

Wewe mkufunzi nawe una sharti lako: lisome. Kila wiki mbili, kurasa zote, ukiandika maswali pembeni. Daftari lisilosomwa hufa kabla ya mwezi.

Hatua ya 3: Koni na mchemraba

Sasa mfundishe vipimo viwili vya zege kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo udanganyifu wa kwanza humkuta.

Cha kwanza ni cha koni. Koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300 hujazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Koni ikinyanyuliwa polepole, zege hushuka kidogo, na mshuko huo hupimwa. Ukizidi uliokubaliwa, kwa kawaida maji yamezidi. Saiti nyingi ndogo huku kwetu hazina koni. Fundi wa kuchomelea wa jua kali atakutengenezea ukimpa vipimo: sentimita 20 chini, sentimita 10 juu.

Cha pili ni cha mchemraba. Zege lilelile linalomwagwa hujazwa kwenye kasha la milimita 150 kila upande, hutunzwa majini, kisha huvunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28 ili kujulikana nguvu yake.

Mweleze wazi kwamba kuna michemraba ya maonyesho. Fundi hupewa ishara, anaongeza saruji kwenye karai moja tu, michemraba inajazwa kutoka humo, na maabara inaleta majibu mazuri ya zege ambalo halimo kwenye jengo. Karatasi ni halali, muhuri ni halali, ila kinachopimwa sicho kinachokaliwa na watu. Wanafunzi wangu nawapa zoezi: wajaze michemraba sita, mitatu kwa maji yaliyopimwa na mitatu kwa mchanganyo huohuo ulioongezwa maji "ili uteleze vizuri," kama wasemavyo mafundi. Siku ya 28 tunaivunja. Hakuna hotuba inayofanya kazi kama ile sauti ya mchemraba wa maji mengi ukisalimu amri mapema.

Matokeo mabaya nayo yaandikwe. Kijana akikuletea jedwali ambalo namba zote zimelingana kama meno ya kuchongwa, mrudishe akapime tena mbele yako. Zege halilingani hivyo. Na akileta namba mbovu kwa ukweli, mpe alama kamili mbele ya wenzake.

Hatua ya 4: Mfundishe kuongea na fundi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila chuo, na mimi naiona nzito kuliko zote. Kijana wa miaka 22 anasimama mbele ya fundi aliyejenga tangu kijana huyo hajazaliwa. Anaona zege limejaa maji. Anajua ni kosa. Ananyamaza, kwa sababu amelelewa vizuri na mtu mzima hakosolewi hadharani. Malezi yake siyo kosa. Anachohitaji ni maneno.

Darasani tunaigiza. Mmoja anakuwa fundi, mmoja mwanafunzi, na wengine vibarua wanaosikiliza, kwani vibarua wanaosikiliza ndio wanaofanya jambo liwe gumu. Mwanafunzi akianza na "Hiyo si sawa, mchoro unasema…" tunamsimamisha. Fundi ameshavuliwa nguo mbele ya watu wake. Atamwaga hilo zege hata kwa kiburi tu. Tunajaribu tena:

"Mzee, shikamoo. Naomba nikutoe kidogo pembeni."

"Marahaba. Sema kijana, nina kazi."

"Hili zege naona limelegea kuliko la asubuhi. Kuna shida gani? Linakataa kuingia?"

"Ringi zimebanana hapo chini. Bila maji halishuki."

"Basi shida ni ringi, Mzee. Tukiongeza maji litashuka lakini litakuwa dhaifu. Nikimpigia injinia aje atuonyeshe namna ya kuzipanga, utanisubiri nusu saa?"

Tazama kilichotokea. Fundi alikuwa na sababu. Mara nyingi huwa nayo. Aliongeza maji kwa kuwa mchoro wetu sisi wahandisi ulibananisha vyuma, na hakuna aliyemuuliza. Ukimfundisha kijana kuuliza "kuna shida gani" kabla ya kusema "umekosea," utakuwa umempa nusu ya kazi ya uhandisi. Na mafundi wa Kibuye na Kondele hapa Kisumu wamenifundisha mimi mambo ya mbao na vaibreta, ile mashine ya kutetemesha zege, ambayo sikuyapata chuoni; mwanafunzi anayewadharau atabaki mjinga.

Ila heshima isigeuke ruhusa. Mzee akikataa kusubiri, kijana ahamie hatua ya sita.

Hatua ya 5: Ndoo mbili na kamba moja

Zoezi hili ni la saa moja, nalo linahusu mabadiliko madogo ya mchoro, yale yanayokubaliwa kwa simu.

Funga kamba imara kwenye boriti. Chukua ndoo mbili za lita 20, zijaze maji. Kila ndoo uifunge kwenye kamba kwa uzi wa katani ulioujaribu jana yake: unaobeba ndoo moja bila wasiwasi, lakini hauwezi mbili. Ndoo ya juu na uzi wake, ndoo ya chini na uzi wake, zote zikishika kamba moja ndefu. Zinaning'inia vizuri. Sasa badilisha kitu kidogo: ndoo ya chini usiifunge kwenye kamba, ifunge kwenye mshikio wa ndoo ya juu. Kamba ya juu kabisa bado inabeba kilo 40 zilezile, ndiyo maana jicho halioni tofauti. Lakini uzi wa ndoo ya juu, uliokuwa ukibeba kilo 20, sasa unabeba 40. Sogezeni miguu.

Maji yakiwa bado sakafuni, wasimulie yaliyotokea Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981. Katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency kulikuwa na vivuko viwili vya kupitia watu, kimoja juu ya kingine, vilivyoning'inizwa darini kwa fito za chuma. Mchoro wa awali ulitaka kila ufito uwe mmoja mrefu unaopita vivuko vyote viwili. Kwa urahisi wa utengenezaji, ukagawanywa kuwa fito mbili: moja kutoka darini hadi kivuko cha juu, nyingine kutoka kivuko cha juu hadi cha chini. Mabadiliko yakapita bila mtu kukokotoa upya. Viungo vya kivuko cha juu vikabeba mzigo maradufu, na hata muundo wa awali haukuwa umefikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Watu 114 walikufa jioni hiyo. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni.

Kisha watoe wanafunzi kwenye saiti yoyote ya ghorofa mjini, waombe kuona mabadiliko matatu yaliyofanywa tangu mchoro utoke, na waulize kila badiliko lina sahihi ya nani.

Hatua ya 6: "Hapana" iliyoandikwa

Kijana ajue ngazi, na ajue kila ngazi ina maneno yake. Kwanza mdomo, kama tulivyoona. Pili maandishi mafupi. Nawafundisha muundo huu:

*Kwa Foromani. Leo saa nne asubuhi nimepima ringi za nguzo ya C4. Zimeachana milimita 300. Mchoro unasema 200. Naomba nguzo hiyo isimwagwe hadi msimamizi aione. Nimeandika pia kwenye daftari langu.*

Hakuna lawama ndani yake, hakuna kivumishi. Kuna kilichopimwa, kinachotakiwa na ombi. Nakala anabaki nayo. Utashangaa ni mara ngapi karatasi ya mistari mitano husimamisha kazi ambayo kelele hazikuisimamisha. Ngazi ya tatu ni mhandisi msimamizi, ya nne ni chuo, na nje ya hapo kuna taasisi: Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, serikali ya kaunti iliyopitisha michoro, na Bodi ya Wahandisi ya Kenya ikiwa kosa ni la mhandisi.

Akijua sheria mbili atasimama wima zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari iliyo karibu, na haimruhusu mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijashughulikiwa. Mtaro wa mita tatu usio na nguzo za kushikilia kuta, hasa kwenye udongo mweusi wa Kano unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, ni mfano wa kutosha. Ya pili ni Sheria ya Hongo ya mwaka 2016: mtu mwenye mamlaka katika taasisi, ya umma au ya binafsi, akijua au akishuku kuna hongo, anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24, na sheria hiyohiyo inamlinda anayeripoti.

Kuhusu chai, usiishie kusema ni mbaya. Wanafunzi wanajua. Ongea nao jinsi inavyokuja: haiji ikiwa bahasha. Huja ikiwa chakula cha mchana cha kila siku, nauli ya Ijumaa, mfuko mmoja wa saruji "wa mama nyumbani." Siku ya kukataa zege bovu inapofika, kijana anakuta ameshakula mezani kwa mtu. Kwa hiyo hata sisi wahadhiri tunapokwenda kuwatembelea kwenye atachimenti, chuo kitulipie nauli na chakula. Kuku wa mkandarasi tunamshukuru, tunamwacha.

Na hapa nina neno kwa wakufunzi wenzangu. Ukimfundisha mwanafunzi kusema hapana kisha usichukue simu yake anapoisema, umemtoa mhanga. Hana mkataba, hana mshahara, na anahitaji ile fomu ya tathmini ijazwe. Mpe namba yako. Mwambie mapema kwamba akifukuzwa kwa kusimamia ukweli, utamtafutia nafasi nyingine na muda wake hautapotea. Kisha fanya hivyo. Mimi nimelazimika mara mbili, na mara zote mbili ilinigharimu urafiki na watu niliofanya nao kazi miaka mingi. Ningefanya tena.

Hatua ya 7: Muulize atakayeyanywa maji

Siyo kila dhamana inahusu vitu vinavyoanguka. Maeneo mengi ya Nakuru maji ya visima vya kuchimbwa yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye kiwango cha juu meno yake yanapokua, hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floridi inabaki.

Sasa mpe mwanafunzi kazi hii. Kisima kimechimbwa, maji ni mengi na maangavu, pampu ya sola inafanya kazi, mfadhili anakuja Jumamosi kukata utepe. Majibu ya maabara yamefika Alhamisi: miligramu 4. Aandike atakachofanya Ijumaa, saa kwa saa, na atakachowaambia akina mama waliokwishaleta mitungi.

Wengine watataja chujio, na wako sahihi: hapo Nakuru Dayosisi ya Kikatoliki iliendeleza kwa miaka mingi uchujaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini usiwaachie hapo. Mkaa huo hushiba na kuhitaji kubadilishwa. Nani atapima na kujua umeshiba? Nani atalipia mwingine mfadhili akishaondoka? Je, wazee wa kijiji wanakubali mkaa wa mifupa? Mtu ameuliza, au tumeamua ofisini? Mhandisi analipwa na mfadhili, lakini anayekunywa ni mtoto wa Bahati au Njoro ambaye hajui jina lake. Kijana aende akakae na watumiaji wa kisima kimoja siku nzima, abebe mtungi pamoja nao, ndipo arudi kuchora.

Hatua ya 8: Usajili

Hili ni fupi kwa kuwa limeandikwa. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, mhitimu wa shahada inayotambuliwa hujisajili kwanza kwenye Bodi akiwa mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi kwa vitendo angalau miaka mitatu, huwa mwanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya, na hupita mtihani wa tathmini wa Bodi. Ndipo anapokuwa mhandisi mtaalamu. Kujiita hivyo kabla ya kusajiliwa ni kosa la jinai. Foromani na vibarua watamwita "Injinia" tangu siku ya kwanza, hilo halizuiliki wala halina ubaya. Asilichapishe tu kwenye muhuri. Ajisajili mwaka uleule anaohitimu, asisubiri kupata kazi.

Miaka hiyo mitatu ndipo lile daftari linapolipa. Kwenye tathmini ataulizwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, siyo iliyofanywa na kampuni, na anayekuja na kurasa za *Nimeona* huwa na la kusema. Kwa hiyo akimaliza chuo mrudishie madaftari yake yote. Usiyaweke kabatini mwa idara. Ukurasa wa mwisho wa kila moja mimi huandika tarehe, jina langu na namba yangu ya simu, na maneno haya: "Karatasi ikikushinda kutia sahihi, nipigie kabla hujaitia." Wa mwisho kupiga alikuwa Bungoma, saa moja kasoro jioni, mchanganyo ukiwa umeshaanza kuzunguka. Tuliongea dakika kumi na moja. Waliusimamisha, wakapima, wakamwaga kesho yake.